Mzee Hajambo, Kavaa Nguo Tano

Jumatatu, 1 Juni

Daftari hili nimepewa leo na daktari wa kliniki ya sukari, yule binti mwenye miwani. "Mama, kila siku uandike hali ya mzee. Mstari mmoja unatosha." Mstari mmoja! Hanijui. Mimi nikishika kalamu siachi mpaka mkono ukatae.

Basi nianze mwanzo ili akisoma aelewe. Mzee ni baba wa mume wangu. Tangu mama mkwe afariki aliishi peke yake, na mwezi uliopita tumemhamishia kwetu. Mume wangu anaendesha malori ya safari ndefu, kwa mwezi namwona siku nne, kwa hiyo mzee ni wangu mimi. Ana sukari. Daktari kanieleza bila kuzunguka: "Sukari imeua hisia kwenye nyayo zake. Baridi inaanza. Miguu ikipata baridi kali, damu haifiki vizuri. Ikipata kidonda hata cha sindano, hatajua, na kidonda chenyewe hakitapona. Mguu wa hivyo mwisho wake kukatwa. Mwaka jana, msimu kama huu, ilikatwa miwili hapa hapa. Miguu yake uiangalie kila siku."

Mzee alikuwa amekaa pale pale anasikia, kofia magotini. Alifanya kazi posta miaka thelathini na moja akigawa barua kwa miguu, nyumba hadi nyumba. Mtaani wanamwita Posta mpaka leo. Alitazama viatu vyake.

Nimemwambia daktari aondoe shaka. Mambo ya baridi yamefika kwa fundi.

Jumanne, 2 Juni

Nimesema fundi, na sitii chumvi. Mimi ni mchambuaji katika ghala la mitumba. Robota likikatwa kamba, mkono wa kwanza kuingia ni wangu. Miaka tisa nimepapasa sufu na pamba, najua nguo gani inatunza joto na ipi inakudanganya. Msimu wa baridi mimi huvaa nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, na kila nikiona joto navua ganda moja. Ndiyo maana ghalani naitwa Kitunguu.

Mzee nimempangia hivi. Inayogusa ngozi ni fulana nyembamba ya sufu, kwa sababu pamba ikilowa jasho inakung'ang'ania na ubaridi wake. Juu yake shati la flana, kisha sweta, kisha kizibao, na mwisho jaketi jepesi la kuzuia upepo. Nguo tano za mtumba, na zote kwa pamoja hazifikii bei ya koti moja la dukani. Asubuhi naziweka kwenye kiti nje ya mlango wake, fulana juu, jaketi chini, azichukue kwa mpangilio. Yeye anavaa mlango ukiwa umefungwa. Mimi siingii chumbani kwa baba mkwe, heshima haijauzwa.

Akitoka namuuliza, "Baba, hujambo?" Anajibu, "Sijambo, mwanangu." "Na miguu?" "Haijambo." Naandika.

Mzee hajambo, kavaa nguo tano.

Jumatano, 3 Juni

Mzee hajambo. Nguo tano.

Alhamisi, 4 Juni

Hajambo. Upepo unaingia mpaka kwenye tundu la ufunguo. Nguo tano.

Jumapili, 7 Juni

Wifi amekuja. Dada wa mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na ana ugonjwa wa kusahihisha watu kama madaftari. Hata hajaketi, keshaona vumbi juu ya redio. Kamletea baba yake koti jipya la dukani, jeusi, zito, la kufika magotini.

"Baba avae kitu cha maana," kasema, "siyo kurundikiwa mitumba."

"Na chini ya koti hilo atavaa nini, wifi? Upepo utaingilia kwenye pindo utokee shingoni."

"Umemgeuza baba yangu msumari wa kutundikia nguo."

Mzee kalivaa, katembea nalo mpaka kona ya barabara, karudi anahema. "Zuri," kasema. "Zuri sana, binti yangu." Kisha kalivua taratibu na kuingia nalo chumbani, na alipotoka alikuwa na jaketi langu. Nimeshinda, na naandika ili ijulikane.

Ila getini wifi kaniambia jambo jingine. "Kaka akirudi tutazungumza. Naona baba akae kwangu msimu huu mpaka baridi ipite." Kana kwamba mimi nimeshindwa! Nimerudi ndani nikapanga nguo za kesho saa tisa alasiri.

Jumatano, 10 Juni

Leo limefunguliwa robota la soksi. Nimebahatisha pea tatu za sufu nene, mpya kabisa, lebo bado zinaning'inia. Nimelipa kabla hazijapanda mezani, wenzangu wasije wakanikodolea macho. Lebo nimezing'oa kwa meno njiani, kwa furaha niliyokuwa nayo. Wifi na aje na koti lake tena.

Alhamisi, 11 Juni

Hajambo. Soksi zimempendeza. Wakati wa chai kaniambia, "Mwanangu, siku hizi hata nikizivua soksi nahisi bado nimezivaa."

Nimecheka. "Ndizo hizo, Baba! Joto lake halitoki." Naye kacheka. Kisha kawa anatazama dirishani mpaka chai ikapoa.

Jumatatu, 15 Juni

Baridi ya leo inauma masikio. Nyasi za uani zimeamka nyeupe. Nimemwekea soksi pea ya pili juu ya ile ya kwanza. Hajambo.

Jumanne, 16 Juni

Hajambo.

Alhamisi, 18 Juni

Soksi pea ya tatu. Kiatu kimekataa kidogo, nimemsikia mlangoni akikipigapiga kisigino sakafuni mpaka kikaingia. "Kinabana, Baba?" "Hapana, mwanangu. Kimenikaa."

Ghalani nimemsimulia mfumaji. Huyu ni bibi wa meza ya jirani, anafumua sweta kuukuu na kufuma mpya. Aliposikia soksi tatu kaacha kufuma.

"Tatu kwenye kiatu kile kile?"

"Kile kile."

"Kitunguu, nguo inataka pumzi. Joto linakaa katikati ya nguo na nguo. Ukibana, hujavisha, umefunga kamba."

"Bibi, kazi hii naifanya mwaka wa tisa."

"Na mguu wake una miaka mingapi?"

Wote mezani wakacheka, nami nikacheka ili nisionekane nimeudhika. Nimeudhika sana.

Jumapili, 21 Juni

Tumegombana. Mzee alikuwa anatoka sebuleni kwenda uani, wifi akamfuata kwa macho. "Baba anachechemea."

"Ana miaka sabini na mbili, wifi. Ulitaka acheze ngoma?"

"Mguu wa kulia. Anaukanyaga kwa upande. Mdharau mwiba mguu huota tende."

"Methali kawafundishe watoto wa darasa la tatu. Hapa ndani kuna mtu anaamka naye kila siku, na kuna mtu anakuja Jumapili kunywa chai."

Yamenitoka hivyo hivyo. Wifi kanitazama macho yamemjaa maji, na mzee yuko mlangoni, kasikia yote. Nikaona nimalize ubishi. "Baba, sema mwenyewe mbele ya binti yako. Miguu haijambo?"

Katutazama mmoja mmoja. "Haijambo, wanangu. Haijambo kabisa."

Wifi kachukua mkoba wake. Nimemshinda mara ya pili. Mbona basi chakula cha leo hakikupita?

Jumatatu, 22 Juni

Hajambo. Nguo tano, soksi tatu.

Jumanne, 23 Juni

Hajambo.

Jumatano, 24 Juni

Hajambo. Ukungu mpaka saa sita.

Ijumaa, 26 Juni

Kuna panya amefia ndani ya nyumba hii. Harufu inakuja na kupotea, zaidi huku kwenye korido. Nimesogeza kabati, nimetoa magunia jikoni, nimemulika tochi darini. Hakuna kitu. Mzee kasema labda ni mtaro wa jirani. Nimemwona kafungua dirisha la chumba chake, na baridi hii! Nikamwambia alifunge, kasema anapenda hewa.

Jumamosi, 27 Juni

Panya sijampata. Siku ya kufua, nimegonga mlango kuomba nguo za mzee. Kanipa zote isipokuwa soksi. "Hizo nimefua mwenyewe, mwanangu." Kweli, nimeziona zimeanikwa nyuma ya nyumba, pea mbili na soksi moja. Ya sita iko wapi? "Imepotea na maji," kasema. Maji gani yanabeba soksi kwenye beseni?

Inaniuma kidogo. Mwanamke unajitoa kwa mkweo, halafu anakuficha soksi kama vile utaziiba.

Jumapili, 28 Juni

Wifi hakuja. Katuma ujumbe kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Nilidhani ningefurahi. Nimepika chai nyingi kwa mazoea, nusu nimeimwaga.

Hajambo.

Jumanne, 30 Juni

Mume wangu kapiga simu kutoka njiani. Nimemwambia baba yake ananificha soksi, na chumbani haingiliki. Kacheka. "Mzee ndivyo alivyo. Hapendi kusumbua watu. Hata sisi tukiwa wadogo hatukujua anaumwa mpaka tumwone kalala. Mwache tu."

Nimemwacha. Lakini maneno yale hayaniachi mimi: mpaka tumwone kalala.

Alhamisi, 2 Julai

Leo hakwenda kununua gazeti. Tangu ahamie kwetu hajakosa hata siku moja, hata siku ya ukungu. "Habari ni zile zile," kasema. Kakaa kwenye kiti cha sebuleni na viatu vyake miguuni, kavifunga kamba. Uso umemsinyaa. Nimemuuliza mara tatu kama hajambo, na mara tatu kasema hajambo.

Ijumaa, 3 Julai

Nimeandika hajambo. Nimeikata. Nimeiandika tena, kwa sababu ndivyo alivyosema.

Jumamosi, 4 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Saa mbili asubuhi nguo zilikuwa bado kitini, fulana juu, kama nilivyoziweka saa moja. Nikabisha. "Baba, hodi. Umeamkaje?"

"Salama, mwanangu." Sauti inatetemeka.

"Hujambo?"

"Sijambo."

Nikashika kitasa. Tangu ahame kwake sijawahi kukigusa kitasa kile. "Baba, naingia."

"Usiingie, mwanangu. Sijavaa."

Nikaingia.

Alikuwa amevaa. Alikuwa amevaa kila kitu alichonacho, na juu yake koti la wifi, na juu ya koti mablanketi mawili, na meno yanagongana. Paji la uso lilikuwa la moto. Dirisha wazi, pazia linapepea, na bado harufu ilikuwa imejaa chumba. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika nyumba hii hakukuwa na panya.

"Baba, nataka kuiona miguu."

"Miguu haijambo."

"Nisamehe, Baba." Nikafunua upande wa miguuni.

Mguu wa kulia ulikuwa na soksi mbili. Ya juu ilitoka. Ya chini ilikuwa imegandana naye. Nilipoivuta kidogo nilimtazama usoni nikitegemea apige kelele, naye alikuwa ananitazama mimi kwa huruma, hasikii chochote. Hilo limenitisha kuliko kilio.

Nilimpigia wifi. Sijui kwa nini yeye kwanza. Nilikuwa nimebana simu kwa bega, nalia, sieleweki. Wifi hakusema nilikwambia. Hakusema hata neno moja lisilo na kazi. "Usivute. Maji ya vuguvugu, lowesha. Pima joto la maji kwa kiwiko chako, yeye hawezi kupima. Kisha mkasi. Nakuja na gari la jirani."

Nikalowesha, nikakata. Kidole cha mwisho na jirani yake vilikuwa vyeusi. Kando yake, penye ukingo wa wayo, kulikuwa na shimo ambalo kidole changu kingeingia. Na kwenye ncha ya soksi, kwa ndani, nikakiona. Kile kijiti cha plastiki kinachoshikilia lebo, kile chenye kichwa kama herufi T. Nilikuwa nimeng'oa karatasi kwa meno nikakiacha chenyewe ndani. Soksi juu ya soksi, kiatu kikakisukuma, na mzee wa watu akakikanyaga mpaka kwa muuza magazeti na kurudi, kila siku.

Mimi, ambaye ghalani nawagombeza wenzangu kwa kuacha vijiti hivyo kwenye nguo za watoto.

Daktari mwenye miwani ndiye alikuwa zamu. Mzee akaingizwa ndani, daktari akaniomba daftari. Akafungua ukurasa baada ya ukurasa, amesimama.

"Umeandika kwa bidii," alisema. "Hajambo, hajambo, hajambo. Miguu yenyewe uliiona lini?"

"Nilimuuliza kila siku, daktari. Hakuna siku niliyoruka."

"Ulimuuliza, au ulimsalimia?"

Nikanyoosha mkono nirudishiwe daftari.

"Nilikuambia uiangalie."

"Nimeiangalia! Nimeinunulia soksi, nimeivika, nime..."

"Kwa macho, mama." Hakusema kwa ukali. Afadhali angefoka.

Nimekaa hapa na swali lake tangu saa nne. Nani katika sisi akiulizwa hujambo atajibu moja kwa moja kwamba ana jambo? Mtu anaweza kuwa anakata roho, atasema kwanza sijambo. Kisha anavuta pumzi, kisha anasema "ila". Sijambo, ila kifua. Sijambo, ila usiku sikulala. Habari yenyewe iko nyuma ya ile ila, na ile ila inataka mtu wa kuingoja. Mimi sikungoja hata mara moja. Nilikuwa nikiinyakua sijambo yake na kukimbia nayo kwenye daftari, nipate cha kumwonyesha daktari na cha kumfunga mdomo wifi.

Jioni

Wamekata vidole viwili. Daktari amechora mstari kwa kalamu ya bluu juu ya mguu, chini kidogo ya kifundo. Wekundu na weusi vikiuvuka mstari ule, wanakata chini ya goti. Tungoje siku saba hadi kumi.

Wifi yuko hapa. Nilikuwa na kile kijiti mfukoni, nimekifunga kwenye leso. Angeweza asijue maisha yake yote. Nikamfungulia leso nikamwambia kila kitu, lebo, meno, njiani, furaha. Nikainamisha kichwa ningoje.

Kakiokota kijiti, kakigeuza vidoleni. Kisha kasema, "Mimi nilimwona anachechemea. Niliona kwa macho yangu mawili. Nikatoa methali, nikachukua mkoba. Kumvua kiatu kungenichukua muda gani, wifi? Lakini nilikuwa nimekasirika na wewe."

Akafungua chupa yake ya chai. Kikombe kilikuwa ni kile kifuniko tu, tukapokezana.

Jumapili, 5 Julai

Wekundu haujavuka mstari.

Jumatatu, 6 Julai

Haujavuka. Mume wangu yuko mpakani, foleni ya malori haisogei. Kalia kwenye simu, mtu mzima.

Jumanne, 7 Julai

Haujavuka. Homa bado. Wodi ina baridi, madirisha mawili hayafungi vizuri. Wifi na mimi tumemvika pamoja, kwa mara ya kwanza. Nguo tatu tu, zote pana. Nimeingiza mkono kati ya kila nguo na nguo, nikaupitisha mpaka mgongoni. Mfumaji alisema kweli, ukiacha nafasi unalipapasa joto limekaa humo. Kila mshono nimeukagua kwa vidole, kisha nikaukagua kwa ulimi. Muuguzi kaniona, sijali.

Jumatano, 8 Julai

Umegusa mstari.

Daktari kaja mara mbili. Wa upasuaji naye kaja, kabonyeza, kaondoka bila kutuambia kitu. Wifi kaniuliza, "Umeona alivyokunja uso?" Nikamwambia hapana. Nilimwona.

Alhamisi, 9 Julai

Umegusa mstari, haujavuka. Karatasi ya idhini ya kukata mguu imeletwa. Mzee ana akili zake, kwa hiyo ni yeye wa kutia sahihi. Kamwambia daktari ampe mpaka kesho. Kisha kamtuma wifi maji, na nimejua kamtuma makusudi.

"Mwanangu," kasema, "soksi ile ya sita niliitupa chooni. Ilikuwa na damu."

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ulikuwa unazipanga kitini. Fulana juu, jaketi chini. Tangu mama yao afe hakuna aliyenipangia nguo. Nasikia unavyotembea ukiziweka, unatembea kwa furaha. Nikisema mguu, binti yangu atanichukua, na wewe utajiona umeshindwa. Nikasema kidonda ni kidogo, kitapona. Na kweli hakikuuma."

Nimelia mbele yake bila kujizuia. Alikuwa anaozea ndani ya soksi ili mimi nisishindwe na wifi yangu. Nikamwambia, "Baba, mimi sitaki kushinda. Nataka uniambie." Kasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimegawa barua za watu miaka yote hiyo, yangu mwenyewe nikashindwa kuifikisha."

Kisha kaniuliza kama mguu wa mbao unavalishwa soksi. Sikujua kama ni mzaha.

Ijumaa, 10 Julai

Asubuhi daktari kafunua, wifi kanishika mkono kwa nguvu, kucha zimeingia. Haujavuka. Kasema anaona kama umerudi nyuma upana wa uzi. Karatasi ya idhini kaiacha mezani bila sahihi. "Tungoje," kasema.

Jumamosi, 11 Julai

Umerudi nyuma. Hata mimi nimeona, bila miwani.

Jumatatu, 13 Julai

Daktari kaichukua karatasi ya idhini, kaichana mara mbili, kaitia kwenye ndoo ya takataka chini ya meza. Mguu unabaki. Wifi kapiga magoti sakafuni pale pale wodini, muuguzi akadhani kaanguka.

Mzee kasema, "Ahsante," halafu kageukia ukutani mabega yakamtikisika. Tukamwacha.

Jumanne, 21 Julai

Mume wangu alifika jana, kakaa kitandani kwa baba yake mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Leo kaondoka na lori. Mazungumzo ya mzee akae wapi yamechukua dakika moja: atakaa kwangu, na wifi atakuja Jumatano na Jumapili, na hatakuja kunywa chai.

Jumapili, 26 Julai

Mzee karudi jana. Leo ni asubuhi ya kwanza nyumbani, na baridi bado ipo, kali vilevile. Kitini nje ya mlango sikuweka kitu. Nilibisha, nikangoja aseme pita, nikaingia na nguo mkononi na taa.

Nikakaa sakafuni nikaupakata mguu wake. Alikuwa na aibu, anatazama dari. Mimi pia nilikuwa na aibu, masikio yananiwaka. Nikaanza kupitisha kidole katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, taa karibu, kama tulivyofundishwa.

Kumbe alikuwa ananisikiliza ninavyohesabu kwa sauti. Nilipofika cha nne nikasita. Akasema kutoka juu kule, kwa sauti ya kazini, "Namba nne amehama." Kisha, "Namba tano naye amehama. Hawakuacha anwani."

Nikacheka huku nalia, nimeukumbatia mguu wa baba mkwe wangu kama mtoto mchanga. Akanisubiri nimalize. Nikamvika soksi, pea moja, pana. Nikamvika fulana huku nimeangalia pembeni. Nilipotaka kuchukua shati nikakumbuka, nikaweka mikono chini.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

Nilikaa pale pale sakafuni nikamtazama. Nje gari likapita, likaishia mbali. Akajikuna shingo. Akatazama dirisha, akanitazama mimi, akaona siondoki.

"Ila," kasema, "hii fulana yako ya sufu inawasha. Tangu mwezi wa sita inawasha, mwanangu, mgongo wote. Usiku nilikuwa najisugua ukutani."

Miaka tisa kazini, na sijawahi kufurahi hivyo nguo yangu ikitukanwa. Nikamvua pale pale. Mgongo wake ulikuwa umejaa vipele vyekundu, toka shingoni hadi kiunoni, na nikavitazama vyote.